Maoni ya Mteja Aliyelipa

Ofisi ya maji ilikuwa imeajiri mtu mmoja wa kutunza kompyuta, na mtu huyo alikuwa na maoni. Kompyuta zenyewe zilikuwa chache na zimechoka, lakini maoni yake yangetosha wizara nzima. Ukimwambia kwamba printa imekwama, atakuja, ataikwamua, na kabla hajatoka utakuwa umeshajua kampuni gani imeinunua nyingine wiki hii, nani atajuta, na jinsi wewe binafsi, kwa kubonyeza “nakubali” bila kusoma, ulivyochangia balaa hilo. Wakambandika jina la Bwana Huria, maana neno hilo halikumtoka mdomoni: programu huria, mfumo huria, leseni huria, yaani vitu vya bure ambavyo kila mtu anaruhusiwa kuvitumia na kuvirekebisha. Mama Masjala, mtunza mafaili na mtani wake mkuu, alikuwa akisema siku ya kumzika watachonga masharti ya leseni juu ya kaburi. Alisema hivyo kabla ya msiba. Baada ya msiba hakurudia.

Kila asubuhi, milango ikiwa bado imefungwa, Bwana Huria alijikunyata kwenye chumba cha nyuma kati ya maboksi ya karatasi, akasoma habari za kompyuta za dunia nzima, kisha akaandika kwenye blogu yake iliyoitwa Kero za Mezani. Mezani kwa sababu alizungumzia kompyuta za mezani tu. Simu aliziita vijikompyuta vya kujisahaulisha. “Wamehamisha tena kitufe cha kuzima,” aliandika safari moja. “Kuna watu wanalipwa mshahara mnono, wana bima ya meno, na kazi yao ni kumfichia bibi yangu kitufe cha kuzima.” Hata wa upande wake hakuwabakiza. Kuhusu watengenezaji wa mfumo huria wa Linux aliandika kwamba wakikosana juu ya rangi ya ikoni wanagawana mradi vipande viwili, kila kipande na mwenyekiti wake, na mtumiaji anabaki katikati kama mtoto wa talaka.

Wasomaji wake ungeweza kuwakalisha kwenye benchi moja na nafasi ikabaki. Alikuwapo fundi simu aliyejiita Kebo Fupi. Alikuwapo mmoja aliyeandika “Somo zuri sana” chini ya kila kitu, mpaka chini ya tangazo la kifo. Na alikuwapo Mteja Aliyelipa.

Mteja Aliyelipa alikuwa mdogo wake, tumbo moja, mhasibu wa kampuni ya malori. Jina lenyewe lilikuwa la uchokozi, maana huyo bwana hakuwahi kulipia programu yoyote tangu azaliwe. Mfumo wa kompyuta yake aliupata kwenye diski ya bandia ya barabarani, na namba ya leseni ya diski hiyo ilikuwa ikitumiwa na nusu ya mji. Lakini kwenye blogu ya kaka yake aligeuka wakili wa makampuni makubwa.

“Kaka,” aliandika, “mimi nikiwasha kompyuta inawaka. Wewe ukiwasha yako unaanza kusoma.”

“Ndiyo maana mimi najua kusoma,” kaka akajibu.

“Unajua kusoma makosa. Skrini nyeusi, maandishi meupe, kama barua ya kufukuzwa kazi.”

Wakaendelea hivyo kwa miaka. Ana kwa ana walikuwa watu wa adabu zao. Kaka hujambo, sijambo mdogo wangu, nyumbani je, wazima, chai ikaletwa, wakaitazama. Ubishi wote, na chochote kingine walichokuwa nacho cha kuambiana, waliupeleka kule chini ya makala, penye maoni.

Kisha mdogo mtu akafa. Moyo ulisimama akiwa kazini, mchana, akiwa amevaa miwani. Kwenye mazishi Bwana Huria alibeba kilichotakiwa kubebwa, akapeana mikono na waliotoa mikono. Watu walimtazama usoni wakingoja, machozi hayakuja, wakasema mwanamume huyo, ameshikilia. Hakuwa ameshikilia kitu. Alikuwa kama mguu uliokaliwa vibaya ukafa ganzi: unauona ni wako, unaukanyagia, lakini kutoka huko chini habari haziji. Tofauti ni kwamba mguu baadaye huchomachoma. Yeye mwaka ulikuwa unaisha na hakuna kilichochoma.

Aliendelea kuandika. Makala zilifupika, hasira ikawa ya mazoea, kama ya kondakta wa zamani. Yale maoni ya mdogo wake hakurudi kuyasoma. Ilimtosha kujua yapo, chini ya kila makala, kama mtu aliye chumba cha pili mlango umefungwa.

Ndipo ikaja habari kwamba kampuni fulani kubwa inafunga huduma yake ya kuchapisha blogu ifikapo mwisho wa mwezi, “ili kujielekeza kwenye maono mapya.” Bwana Huria akaamka kidogo. Hapo ndipo pake. Akaandika makala yenye kichwa “Poleni Mliotunza Vyombo kwa Jirani,” akawasema watu wanaoweka kazi zao kwenye seva za wengine kwa sababu ni bure, akawauliza walitegemea nini, akamaliza kwa kuwatakia uhamisho mwema.

Kebo Fupi akajibu kabla chai haijapoa. “Mkuu, heshima yako. Lakini hapa tunapokusomea ni nyumbani kwa nani?”

Bwana Huria akashuka mpaka chini kabisa ya ukurasa, kwenye yale maandishi madogo ambayo maisha yake yote aliwagombeza watu kwa kutoyasoma. Blogu aliifungulia kwa kampuni ndogo ya vijana. Vijana wakauza. Walionunua nao wakauza. Aliyenunua mwisho ni huyuhuyu mwenye maono mapya. Ununuzi huo yeye mwenyewe aliuandikia makala na kuuita upuuzi. Ila haikumpitia akilini kwamba na yeye alikuwa miongoni mwa bidhaa.

Hakufadhaika. Kulikuwa na kitufe cha kupakua, akakibonyeza, faili ikaja: makala zake zote, tangu ya kwanza. Akaifungua, akatafuta “Mteja Aliyelipa”. Hakuna. Akatafuta “Kaka,”. Hakuna. Makala zilikuwapo, na majibu yake mwenyewe yalikuwapo, yanamjibu mtu asiyekuwapo. Akarudi kwenye blogu ayanakili kwa mkono, ukurasa kwa ukurasa, akakuta chini ya makala za zamani pameandikwa: Maoni hayaonyeshwi tena.

Akawaandikia wahusika. Akajibiwa papo hapo na roboti iliyomwita “mpendwa”. Maoni ni mali ya aliyeyaandika, ilisema, naye anaweza kuyapakua kwa kuingia kwenye akaunti yake kabla ya tarehe ya kufunga. Je, jibu hili limekusaidia?

Aliyeyaandika hakuwa katika hali ya kuingia kwenye akaunti. Nywila hakuna aliyeijua. Kuibadilisha kulihitaji ujumbe kwenye simu ya marehemu, na laini ile ilishapewa mtu mwingine, bibi mmoja mkali aliyemwambia Bwana Huria kwamba hajui nywila ya mtu na amechoka kupokea pole. Ikabaki kompyuta ya kazini. Maoni yenyewe Bwana Huria alikuwa akiyakuta saa za kazi, kwa hiyo aliamini yaliandikiwa huko. Akapiga simu kampuni ya malori. Wakamjibu kwa upole kwamba mhasibu mpya alipoingia waliifuta yote.

“Vizuri,” akasema. “Ndivyo inavyotakiwa.”

Alipokata simu alikuta Mama Masjala amesimama mlangoni na kikombe.

“Umepauka kama karatasi ya kurudufu,” mama akasema. “Kuna nini?”

“Kuna data inapotea.”

“Ya ofisi?”

“Hapana.”

“Basi mbona hutukani? Data ya ofisi ikipotea unatutukana mpaka na mababu zetu.”

“Sina nguvu.”

Mama Masjala akaweka kikombe mezani, akamtazama jinsi mtu anavyotazama bomba lisilotoa maji. “Ya mdogo wako?”

Akatikisa kichwa kukubali. Mama hakusema pole. Alimsogezea kikombe, akaenda zake, na siku ile akakwamua printa mwenyewe kwa kuipiga kofi.

Mwezi ukiwa ukingoni, shemeji yake akapiga simu. Huyu alikuwa mke wa marehemu, fundi cherehani mwenye maneno machache, nayo aliyakata kwa kipimo kama kitambaa.

“Shemeji, ile kompyuta ya nyumbani imekuwa jiwe. Ukiwasha, mpaka uoge urudi. Watoto wana kazi za shule. Njoo uifute, uwawekee ule mfumo wako wa bure.”

“Mfumo wangu?”

“Si ndio ulikuwa unampigia kelele kila siku? Haya, umeshinda. Njoo.”

Ameshinda. Alilitafutia neno hilo ndani mahali pa kulikalisha, hakupaona. Jumamosi akatia flashi mfukoni, akaenda.

Kompyuta ilikuwa pembeni ya cherehani, imefunikwa kitambaa cha maua, printa ubavuni imefunikwa cha namna ileile. Bwana Huria alikuwa na kanuni moja ya kazi: safisha kwanza, maswali baadaye. Mafaili ya watu aliyaona kama uchafu wenye majina. Akachomeka flashi, akawasha, mfumo huria ukawaka wenyewe kutoka kwenye flashi, ukamuuliza kwa heshima kama afute diski nzima. Akaweka kidole kwenye kitufe cha kukubali.

“Picha za harusi nimeshatoa,” shemeji akasema kutoka kwenye cherehani. “Vingine vya kwake sijui. Zile kelele zenu tu.”

“Kelele gani?”

“Zile za kubishana. Kila alfajiri, kabla ya kuoga. Amekaa hapo na taulo begani, anaandika, anacheka peke yake. Namwambia utachelewa, ananiambia subiri, huyu nimemkamata.”

“Alikuwa akiandika hapa?”

“Sasa wapi? Kazini ana bosi.”

Bwana Huria akaondoa kidole. Akachomoa flashi, akaizima kompyuta, akaiwasha upya kwa mfumo wake wa zamani, ule wa diski ya barabarani. Ikachukua muda ambao siku nyingine angeuandikia makala. Akafungua kivinjari, akaenda kwenye Kero za Mezani. Juu kwenye kona ya blogu, ndani ya kiduara kidogo, palikuwa na picha ya lori na jina: Mteja Aliyelipa. Mdogo wake hakuwahi kutoka kwenye akaunti. Hajawahi kutoka kwenye akaunti yoyote huyo mtu, na kaka yake alimsema kwa hilo hadharani, akamwita tishio kwa usalama wa familia.

Akabonyeza pakua. Mstari ukajaa taratibu. Faili ikashuka, nzito kuliko alivyodhani. Akainakili kwenye flashi, kisha kwenye simu, kisha akajitumia mwenyewe. Akangoja kuona kama kuna kitakachomjia kifuani. Kikaja kikohozi.

“Umepata ulichotaka?” shemeji akauliza, mguu bado juu ya kanyagio.

“Nimepata.”

“Nione.”

Akavuta kiti. Ilikuwa faili ya upande mmoja: maneno ya mdogo mtu tu, moja baada ya jingine, kama kumsikia mtu anayeongea na simu. Shemeji akavaa miwani, akaanza kusoma kwa sauti, pole pole, mkono kwenye goti.

“‘Kaka, programu yako ni ya bure kama mbwa wa bure. Chakula chake je?’ Hapa ulimjibu nini?”

“Nilimwambia wake ni mbwa wa kukodi, anakula na bado anamng’ata.”

Shemeji akaguna. “‘Kaka, nimesoma makala yako yote, nimelala katikati, nimeamka bado unalalamika.’ Hapa?”

“Nilimwambia anilipe, nimemtibu usingizi.”

“Na alilipa?”

“Huyo? Hajalipa kitu huyo.”

“Hata mahari alikopa,” shemeji akasema. Akaendelea. Shemeji akisoma, yeye anajibu. Majibu yalimtoka bila kuyatafuta, na sauti yake ilikuwa ileile bapa aliyotumia kazini kueleza kwa nini mtandao haupo. Mara moja tu ilipanda, kwenye ubishi wa mafaili yaliyokataa kufunguka. Akajikuta amesimama, anaonyesha skrini kwa kidole, anasema si kweli, hilo si kosa la mfumo, ni mtu kuhifadhi ovyo. Shemeji akamtazama. Akakaa.

Watoto walipita, wakauliza kama kompyuta imepona. Wakaambiwa bado.

“Nikiifuta, hii akaunti inaondoka nayo,” Bwana Huria akasema. “Lakini kesho kutwa itaondoka tu. Nikitaka naweza kuiwekea kompyuta mifumo yote miwili. Ukiwasha inakuuliza unataka upi.”

“Wake wawili kwenye nyumba moja?”

“Hawaonani.”

“Haya, weka.” Akashuka chini kabisa ya faili, akasoma la mwisho kimya kwanza, midomo ikisogea. Kisha kwa sauti. “‘Kaka, jana nilijaribu huo mfumo wako kwa flashi, usimwambie mtu. Nakiri unawaka haraka. Umenipa uhuru wa kufanya kila kitu duniani isipokuwa kuchapisha.’” Akainua macho juu ya miwani. “Hapa?”

“Hapo sikumjibu.”

“Kwa nini?”

“Nilitafuta jibu siku nzima. Printa kama hiyo haikubali kweli mfumo wangu.”

Shemeji akaitazama printa, akakiondoa kitambaa, akakikunja mara mbili, akakiweka pajani.

“Na watoto wakiwa kwenye mfumo wako watachapishaje kazi zao?”

“Sijui,” akasema Bwana Huria, akachomeka flashi. “Ngoja nijaribu.”