Niliwaambia ni mahudhurio tu, kumbe tumekubali mto wetu uchimbwe

Admin nifichie jina, huku kwetu wananijua hata nisiowajua. Mimi ni mzee wa miaka sabini na nne, mkoa wa Dodoma upande wa Mpwapwa. Mtakaoniamkia wote, marahaba. Nilifanya kazi reli pale Gulwe, nikasimama na Wazungu bega kwa bega, na kijijini Kiingereza ni mimi.

Sasa sikieni. Mto wetu kiangazi ni mchanga mtupu, lakini wake zetu wakichimba humo maji yanatoka. Hivyo ndivyo tulivyoishi toka mababu. Ikaja kampuni, inasomba mchanga kwa malori, wa kujengea mjini. Leo wanawake wanachimba hadi mwamba, hakuna kitu. Ndipo likaja shirika la mawakili wanaotetea mazingira bure, wakatufungulia kesi. Nani aliwaongoza wanakijiji? Mimi!

Juzi wakili wetu, binti mdogo ila ana kichwa, kaja nyumbani.

"Shikamoo babu. Kampuni imepeleka karatasi hii mahakamani. Inasema kijiji kilishirikishwa na kikakubali. Jina la kwanza ni lako."

Nikaitambua. Kabla malori hayajaanza, watu wa kampuni walikuja kijijini na soda, wakatoa karatasi ya Kiingereza. Watu wakaniuliza, "Mzee, inasemaje?" Nikaigeuzageuza, nikasema, "Mahudhurio tu haya, sainini." Wakasaini wote nyuma yangu. Ukweli ni kwamba Kiingereza changu ni cha salamu na kusimamisha treni. Kukisoma sijui. Sijawahi kumwambia mtu.

Binti anataka aniandikie kiapo cha mahakamani, niape kwamba sikuielewa na niliwapotosha wenzangu. Tena wakili wa kampuni atanihoji mbele ya kijiji kizima! Nikamwambia, "Andika nilisahau miwani." Akasema, "Babu, huo uongo mimi siandiki."

Mke wangu alisikia yote. Sasa akirudi na maji kutoka kijiji cha pili anatua ndoo miguuni pangu: "Haya, kesho iamrishe kwa Kiingereza ijae yenyewe."

Nimekasirika mpaka chakula hakishuki. Nani aliwatuma waandike Kiingereza Ugogoni?

Jumatatu ndiyo siku ya mahakama. Nisipoapa, mto umekwenda. Nikiapa, watu niliowasomea chupa za dawa za ng'ombe miaka yote wataniuliza nilikuwa nasoma nini. Nishaurini wanangu, nifanyeje? Ila anayetaka kucheka, acheke kwanza amalize, ndipo aandike.