Bomba la Kuazima

Juzi nilikuwa Busi, kule Kondoa, ambako mimi nikiingia hata kuku wanajipanga mstari. Nikamkuta mkaguzi wa kilimo hai kwa bibi mmoja anayelima alizeti. Bibi yule hajatia dawa ya dukani shambani tangu dunia iumbwe. Alikosa cheti tu, auze kwa bei nzuri.

Mkaguzi akanyoosha kalamu mlangoni. "Bibi, lile bomba la kupulizia dawa ni la nani?"

"Nimeazima kwa watu."

"La kazi gani?"

Bibi akajifuta mikono kwenye kanga. "Mgeni unatoka mjini, unikute mkulima mzima sina hata bomba? Si utasema mvivu huyu."

"Umepulizia nini?"

"Hata kulifungua sijui, mjukuu wangu. Nimelisugua tu ling'ae."

Mkaguzi akaandika, akamnyima cheti. Akaenda kwa jirani, ambaye dawa zake zimehamisha nyuki mpaka Singida. Akapekua nyumba nzima, bomba hakuliona. Akampitisha.

Mimi, ninayeweza kuendesha wizara tatu pale Mtumba huku nimesinzia, nilijaribu kulifungua lile bomba, likanishinda. Jioni jirani alikuja kuchukua bomba lake, akamshukuru sana bibi kwa kulisugua.