Chukudu Iliyoua na Neno la Waingereza wa Zamani

Mama yangu alijikata mguu na jembe akilima maharagi. Akabeba lile jembe ng'ambo ya kijito, akaliacha kule, akalima msimu muzima na jembe la kuazima. Papa alimucheka, eti jembe halina roho. Mama akamujibu, "Roho halina, lakini meno iko nayo." Maharagi ya mwaka ule yalizaa mpaka tukachoka kuyakula, lakini hayo ni mengine.

Mimi nilichonga chukudu yangu mwenyewe, kwa mukaratusi. Kwa yule asiyeijua: ni kama kinga, ni kusema baiskeli, ya miti isiyo na pedali, unapakia mizigo, unaweka goti juu, unateremuka mulima. Frein yake, breki, njo kipande cha pine, mpira wa gari, nyuma, unakikanyaga, kinabana gurudumu. Hiyo chukudu njo ilikuwa inalisha nyumba yangu.

Jirani yangu, kijana mwenye muke, aliyetoka Kibua, upande wa Walikale, kulima kwetu Ngungu, aliiomba siku ya soko. Nilijua ile pine imekwisha. Kumuambia, sikumuambia, niliogopa ataniona muzembe. Kwenye kona ya matope chukudu ilimushinda, ikamulalia kifuani pamoja na gunia. Alikata roho mbele hawajamufikisha hospitali ya Kirotshe.

Tulituma habari kwa papa yake. Katika kungojea, mwalimu wa Kiingereza aliyepanga nyuma ya nyumba yangu alikuja kunituliza. Alisema Waingereza wa zamani walikuwa na neno: deodand. Linatoka Kilatini, maana yake kitu cha kupewa Mungu. Gari la farasi, ao muti, ao ngombe, kikiua muntu, waamuzi walikihukumu hicho kitu. Mwenyewe alikitoa, ao bei yake, kwa mufalme, ili kisaidie kazi za Mungu. Desturi iliisha wakati treni zilianza kuua watu, kwa sababu wenye treni walikuwa wakubwa.

Nilimuomba alirudilie mara tatu. Nililipenda lile neno, nisiseme uongo. Lilihukumu muti, lilimuacha muntu.

Na kesho yake nikapigilia pine mupya.

Yule papa alifika kwa mguu, siku tatu za njia. Wazee wa kanisa waliketi kwenye kiwanja changu. Nilisimama nikaeleza neno la mwalimu, nikasema chukudu si yangu tena, iuzwe, mujane apate chakula. Wazee waliitikia kwa kichwa, wakaniona muntu wa haki. Ya njaa ya nyumba yangu nilikuwa nimeyakubali. Niliogopa ulizo moja tu.

Yule papa hakugusa maji tuliyomupa.

"Hii njo iliua mutoto wangu?"

"Njo hii, papa."

Akaizunguka polepole. Akaweka mguu nyuma, akakanyaga. Gurudumu likabana vizuri. Akainama, akapitisha kidole juu ya misumari, ilikuwa ingali inangaa.

"Pine iko mupya."

Mwalimu aliangalia chini.

Yule papa akachukua fimbo yake. Akanipita kama muntu anapita kisiki, akashika njia ya Walikale. Wazee walimuita, Papa, rudia, shauri halijaisha. Hakugeuka. Na hakurudia tena.