Somo la Social Networks lilivyofanya chuo kizima kiniite mpelelezi, Dodoma

Wakuu, poleni na majukumu.

Nimesoma uzi wa jana wa yule mdau anayelalamika kwamba anasoma course ya mitandao ya kijamii chuoni na haoni faida yake. Nimecheka. Mimi niliisoma hiyo course kabla wengi wenu hamjashika simu. Ilinipa kitu ambacho sijawahi kukiandika popote.

Majina nimebadilisha, chuo sitakitaja. Mengine yote ni kama yalivyotokea. Anayetaka kusema ni chai, nimetunga, aseme tu, sitagombana naye.

Ilikuwa Dodoma, kile kipindi mashirika ya umma yanauzwa na wazazi wetu wanapunguzwa kazi. Baba yangu alikuwa mmojawapo. Simu ya mkononi chuoni alikuwa nayo mtu mmoja mmoja, tena aliivaa kiunoni na shati amechomekea ili ionekane. Intaneti ilikuwa mjini, unakaa foleni, ukifika zamu yako umeme unakatika.

Kwa hiyo nikisema Social Networks msifikirie Facebook. Haikuwepo. Lile lilikuwa somo la watu: nani anamjua nani, nani anamwamini nani, habari inatoka kwa nani inafika kwa nani.

Lilikuwa la hiari. Wengi tulilichukua kwa sababu tulisikia halina hesabu. (Lilikuwa na hesabu.)

Lecturer wetu nitamwita Dokta Atupele. Mama wa makamo, nywele fupi, ndio kwanza amerudi kutoka kusoma nje. Anaongea taratibu kama mtu asiye na haraka na maisha. Akiuliza swali anakusubiri mpaka ujibu, hata darasa likae kimya namna gani. Watu hawakupenda ile tabia. Walisema anatuchunguza.

Mimi nilikuwa CR, mwakilishi wa lile darasa. Sikugombea. Siku ya kwanza Dokta aliuliza nani anakaa hosteli ya karibu na ofisi yake, nikanyoosha mkono. Basi.

Sasa wiki za mwanzo akatupa zoezi. Kila mtu aandike kwenye karatasi, pamoja na jina lake: ukipata habari mbaya unamwambia nani darasani humu? Ukitaka ushauri unamfuata nani? Nani akisema jambo unalikubali bila kuuliza mara mbili?

Darasa likacheka. Halafu likaacha kucheka.

Nilikusanya zile karatasi nikampelekea ofisini. Kipindi kilichofuata akaja akachora ubao mzima vinukta na mishale. Hakuweka majina, aliweka namba, na namba alizipanga mwenyewe. Kuna vinukta vitatu vilijaa mishale mpaka chaki ikawa inamwagika. Na kulikuwa na kimoja pembeni, peke yake, hakuna hata mshale mmoja ulioelekea kwake.

Hakuna aliyeandika alichokuwa anafundisha siku ile. Kila mtu alikuwa anakiangalia kile kinukta cha pembeni na kujiuliza, ni mimi?

Rehema, roommate wangu, alininong'oneza, "Huyu mama anataka nini na sisi?"

Rehema ni mtoto wa Tanga. Mnaojua Dodoma ya wakati ule mnajua shida ya maji. Bomba la hosteli lilitoa maji asubuhi tu, tena yenye chumvi, na foleni ya ndoo ilizunguka jengo. Rehema alikuwa akiamka kwanza anapanga ndoo yake na yangu. Mimi nilikuwa mvivu wa kuamka, yeye alikuwa mvivu wa kupika. Tuliishi vizuri sana. Nilipoulizwa kwenye ile karatasi nampelekea nani habari mbaya, niliandika yeye bila kufikiri.

Narudi kwenye mada.

Wakati huo huo chuoni kulikuwa kunafukuta. Uongozi ulitangaza kwamba mambo kadhaa yaliyokuwa bure sasa tutachangia. Kwa sisi ambao wazazi walishakaa nyumbani, hiyo ilikuwa na maana ya kurudi kulima. Wanafunzi wakaanza kupanga kugoma. Jumatatu watu wakutane uwanjani, wahutubiwe, halafu hakuna kuingia darasani mpaka kieleweke.

Vinara walikuwa watatu: Baraka, Masoud na binti mmoja anaitwa Joyce. Wote watatu walikuwa kwenye lile darasa letu. Nami nilikuwa naunga mkono ile mipango kwa moyo wote, ingawa hakuna aliyekuja kuniuliza maoni yangu.

Alhamisi kabla ya ile Jumatatu, wakaitwa ofisini kwa mshauri wa wanafunzi. Watatu wale wale. Wakaambiwa kila kitu: siku, saa, uwanja. Walipotoka pale ofisini Baraka alikuwa kama mtu aliyetoka kuugua. Wakasimamishwa masomo mpaka kamati ya nidhamu ikae.

Mgomo ukafa hapo hapo.

Sasa wakuu, jiwekeni kwenye nafasi yetu. Juzi tu mama mmoja kaja kutuuliza nani tunamsikiliza akisema jambo. Leo wale tunaowasikiliza wameitwa. Nani asingeunganisha?

Hata mimi niliunganisha. Siwadanganyi. Nilikaa kitandani nikakumbuka vile vinukta vitatu vilivyojaa mishale.

Kesho yake mtu kaandika kwa mkaa kwenye mlango wa Dokta: MPELELEZI. Darasani wakaja watu wachache, wakakaa nyuma, hakuna anayejibu swali. Yeye akasubiri kama kawaida yake. Safari hii kimya chake hakikumsaidia.

Halafu watu wakaanza kuulizana: lakini yeye ni mgeni hapa, alizijuaje siku na saa? Lazima ana mtu wa ndani.

Na nani aliyebeba karatasi?

Ilianza kidogo kidogo. Naingia cafeteria, mazungumzo yanabadilika. Nikikaa meza hii, baada ya muda wenzangu wote wameshiba. Mtu kaniona nikinywa soda ofisini kwa Dokta, basi ile soda ikazunguka hosteli zote. Siku moja alinipa lifti mpaka mjini, nayo ikawa ushahidi. Mwingine akasema baba yangu hakupunguzwa kazi, eti alihamishiwa kitengo, kwa watu wa usalama.

Baba yangu alikuwa fundi mitambo. Nilicheka niliposikia hiyo, halafu nikalia.

Kilichoniumiza ni asubuhi moja nilipotoka na kukuta ndoo ya Rehema kwenye foleni, mbele kabisa, peke yake. Yangu ilikuwa bado mlangoni ilipolala.

Nilimuuliza, "Rehema, na wewe?"

Akajibu akiwa anafunga kanga, haniangalii. "Mimi sijasema kitu. Ila nakaa na wewe. Watu wananiuliza, na mimi sina la kuwajibu."

"Waambie siyo mimi."

"Nitawaambiaje wakati sijui?"

Tangu hapo tulisalimiana kama majirani wa basi. Habari za asubuhi, nzuri. Umefunga mlango? Nimefunga.

Na mimi nikaanza kuwa mbaya. Nikawa nachunguza kila mtu. Nikiona wawili wamesimama, najua wananisema. Nikaanza kumshuku hata Rehema mwenyewe, kwamba labda ni yeye, mbona ananikwepa haraka hivi? Mtu akikushuku na wewe unajifunza kushuku, inaambukiza kama macho mekundu.

Nikaenda kwa Dokta. Nilikuwa nimepanga maneno makali njiani, lakini alipofungua mlango yote yakapotea. Ile alama ya mkaa alikuwa ameifuta nusu.

"Shikamoo Dokta."

"Marahaba. Kaa."

Sikukaa. Nikamuuliza, "Dokta, zile karatasi ulimwonyesha nani?"

Akaniuliza, "Na wewe unaamini hivyo?"

Nikasema ukweli. "Sijui."

Akainuka, akafungua kabati, akatoa bahasha. "Ziko hapa zote. Kama zinawaumiza, warudishie. Kila mtu achukue yake aichane mwenyewe."

Nikaona hilo ni wazo zuri. Wakuu, lilikuwa wazo baya kuliko yote. Mimi huyo, hosteli kwa hosteli, nagonga milango na bahasha mkononi, namrudishia kila mtu siri yake. Wale ambao walikuwa na mashaka kidogo, sasa wakapata uhakika. "Kumbe alikuwa nazo yeye muda wote!" Joyce, aliyekuwa amekuja kuchukua vitu vyake, aliipokea yake akaitupa miguuni kwangu.

Siku ile niliamua kuacha chuo. Sitanii. Nilianza kupanga nguo. Nikasema nasubiri basi la Jumamosi.

Ijumaa yake, mchana, watu wamejaa cafeteria, upepo wa Dodoma umeshaleta vumbi lake mpaka kwenye sahani, akaingia mzee mmoja wa Kigogo. Kavaa koti na kofia, mkononi ameshika waya mrefu uliokunjwa.

"Mbukwenyi," akasalimia. Wachache wakaitikia. "Wanangu, namtafuta kijana anaitwa Baraka."

Wengine wakainamia sahani zao.

Mtu akamuuliza, "Mzee, wewe ni nani?"

"Mimi ndiye mwenye spika. Napigia harusi, mikutano, misiba. Huyo Baraka alikuja kwangu na mwenzake, na binti mmoja, wakakodi spika za Jumatatu ile. Nikakataa harusi ya watu kwa ajili yao. Siku yenyewe nimekuja uwanjani na jenereta, nakuta mbuzi tu."

Kuna watu walicheka. Mzee hakucheka.

"Si nilishauliza mapema? Huyu mama mshauri wenu wa wanafunzi nasali naye kanisa moja. Jumapili, siku nane kabla, nikamwambia, mama, vijana wako wana sherehe gani Jumatatu ya wiki ijayo, maana nataka kujua nilete spika ngapi. Akaniuliza sherehe ipi? Nikamweleza. Saa nne, uwanjani, Baraka, Masoud na Joyce. Akanishukuru vizuri kabisa. Sasa kama mliahirisha, hata yeye hakunipa taarifa?"

Nilikuwa nimeshika kijiko. Nakumbuka nilikiweka chini polepole, kama vile kikilia mzee atanyamaza.

Yule mzee akatuangalia, akaona kuna kitu amesema lakini hajui ni kipi. Akauliza kwa upole, "Nimekosea mahali?"

Nikamjibu mimi. "Hapana baba. Hujakosea. Karibu chakula."

Akakaa meza yangu. Alikuwa mtu wa kwanza kukaa meza yangu tangu yale mambo yaanze. Alikula wali wote, akanieleza habari za zabibu zake, akaenda.

Mnafikiri watu walikuja kuniomba radhi? Hapana. Jioni ile ile nikasikia habari mpya: yule mzee ametumwa. Eti Dokta na mimi tumempanga. Mwingine akasema Wagogo wale wa mjini wote wana undugu na uongozi. Watu walishajenga nyumba kwenye ile shuku, hawakutaka kuhama.

Ila wengi walianza kuchoka. Salamu zikarudi moja moja. Basi la Jumamosi likaondoka bila mimi. Ndoo yangu nikajifunza kuipanga mwenyewe.

Wale watatu walirudi baada ya kukosa muhula. Baraka alinipa mkono mbele za watu. Nilimshukuru kwa hilo. Michango ilibaki pale pale, na baba aliuza cherehani ya mama nikamaliza. Dokta Atupele mkataba wake ulipoisha aliondoka, na course ikafutwa kwenye orodha. Nasikitika sikumuaga. Nilimwona akipakia vitabu kwenye pick-up, nikawa mbali, nikapunga mkono, naye akapunga. Sijui kama alijua ni nani.

Rehema na mimi tulimaliza chuo tukiwa chumba kimoja. Vizuri tu, kwa adabu. Hatukuwahi kulizungumza.

Siku ya mahafali alikuja mama yake kutoka Tanga, mama mnene mwenye baibui jeusi, anatembea kwa shida. Nikamwendea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe nani?"

Nikamtajia jina. Akanishika uso kwa mikono yote miwili.

"Kumbe ndiye wewe! Kila akiandika barua ananambia, mama, nina dada huku Dodoma, mwombee dua, wenzake wanamsema vibaya na mimi sina ujasiri wa kusimama naye. Mwaka mzima nakuombea wewe, sijakuona sura."

Nikamgeukia Rehema. Alikuwa amevaa joho, anachezea ile kamba ya kofia.

Akasema, "Sikujua nianzie wapi."

Wote wawili tukasimama pale tunalia kama watoto, mama wa watu anauliza, "Nimesema nini tena?"

Nilichojifunza, kwa yule mdau wa jana: hilo somo lina faida. Hakuna ubao unaoweza kuonyesha mtu anakuwekea nini moyoni wakati anakukwepa. Na siri nyingi hazivujishwi na adui. Anazitoa mtu mwema anayetaka tu kujua alete spika ngapi. Kabla hujamtaja mtu kwamba ni msaliti, jiulize mmepita kwa nani mkiwa mnajipanga.

Rehema yupo Tanga, ana wajukuu. Huu uzi nimemsomea kwa simu kabla sijaubandika. Amesema nimesahau kuandika kwamba nilikuwa nakoroma.

Waliosoma Dodoma miaka ile mpo? Kuna aliyewahi kubebeshwa zigo lisilo lake chuoni au kazini? Lilitokaje begani? Andikeni hapa chini, nimeshaivisha chai yangu, nasoma zote.