Nguzo Katika Shamba la Mwihaki

Mwihaki na mumewe Wanyoike walihama kutoka Kiambu mwaka wa 1966. Walikuwa wamejiunga na kampuni ya kununua mashamba, na kampuni hiyo ikanunua shamba la ngano la Mzungu karibu na Kesses. Wanachama wakaokota kura za ploti. Sorveya aliyepima mashamba alipowapeleka kwenye ploti yao, wakakuta nguzo kubwa ya chuma imesimama katikati, imebeba nyaya nene za umeme.

"Hii ni stima ya Uganda," sorveya akasema. "Inatoka Jinja, inaenda Nairobi. Msijenge chini yake, wala msipande miti."

"Sasa tujenge wapi?" Mwihaki akauliza.

Sorveya akaonyesha upande wa chini, penye majimaji.

Mwihaki alimwendea Kinyanjui, mwenyekiti wa kampuni, akiomba ploti nyingine. "Mama, kura ni kura," Kinyanjui alimjibu kila mara, na yeye mwenyewe alikuwa amekaa kwenye ploti kavu kando ya barabara.

Wakajenga kwenye majimaji. Mvua ikinyesha, jikoni huwezi kuwasha moto. Wanyoike akaanza kukohoa, na baada ya miaka michache kifua kikamuua. Mwihaki akabaki na binti yake Waceke na hasira isiyokuwa na mtu wa kuipokea.

Siku moja ofisa wa serikali kutoka Eldoret alihutubia baraza. Akasifu urafiki wa Kenya na Uganda: ni ndugu tangu zamani, hata stima wanagawana. Mwihaki akasimama.

"Bwana, huo undugu unapita juu ya viazi vyangu. Nipeni kidogo, niweke mashine ya kusaga mahindi."

Watu wakacheka. Ofisa naye akatabasamu. "Mama, hiyo ni stima yenye nguvu sana. Haiwezi kuteremshwa kwa mtu mmoja."

"Lakini nguzo iliweza kuteremshwa kwa mtu mmoja!"

Ofisa akamwita mwingine aseme.

Mwaka wa 1976 serikali za Kenya na Uganda zikakosana. Uvumi ukaenea kwamba nyaya zitakatwa. Askari wakaja kulinda nguzo, wakapiga hema juu ya viazi na kung'oa ua wapate kuni.

"Mnalinda nini?" Mwihaki akawafokea.

"Stima ya nchi, mama."

"Na mimi ni wa nchi gani?"

Baadaye redio ikatangaza kwamba mambo yametulia. Askari wakakunja hema wakaenda zao, bila hata kusema pole. Mwihaki alikwenda mjini kudai fidia ya viazi. Akatumwa kutoka dirisha moja hadi lingine mpaka akachoka.

Aliyekuja kumsaidia kulima upya ni jirani yake Jeruto, Mnandi aliyezaliwa hapo hapo.

"Mama Waceke, si uuze tu uende?"

"Nani atanunua nguzo?"

Mwishowe wanawake hao wawili wakaungana, wakanunua mashine kuukuu ya dizeli, wakaiweka kwa Jeruto karibu na barabara. Ilitoa moshi mwingi, na ilikuwa ikizima mahindi yakiwa katikati ya kusagwa. Hapo Mwihaki aliitukana kwa Kikuyu, Jeruto akaongezea kwa Kinandi, kisha wakazungusha hendeli kwa zamu ili iwake tena huku wateja wakinung'unika.