Salamu ndani ya ngome

Sisi wajumbe wa vijiji vya ujamaa tulipopelekwa Bagamoyo kuona ngome walimofungiwa watumwa, niliongoza msafara bila kuteuliwa. Tangu Sumbawanga nilikuwa nawaeleza wenzangu habari za pwani, pamoja na zile nisizozijua.

Ndani ya chumba kisicho na dirisha, bibi mmoja wa msafara wetu, wa kijiji cha Kaoze, alichuchumaa akaanza kupiga makofi polepole, kama tunavyosalimia Ufipa tukiingia nyumba ya watu. Akauliza kwa Kifipa habari za humo. Akatega sikio, kisha akapiga tena.

Mtembeza wageni akanishika bega. "Ndugu, mwambie mama yenu atoke, nataka kufunga. Humo hamna mtu."

Nikainama. "Bibi, twende. Hakuna wa kuitika."

"Najua. Ila dada yake bibi yangu alipitishwa njia hii na minyororo, na kutoka kwetu hajaja mtu kumsalimia. Nitainukaje sijaitikiwa?"

Wote wakanitazama mimi, bingwa wa maneno. Nikachuchumaa mbele yake gizani, nikapiga makofi, nikaitika kwa Kifipa kwamba tupo, na huko nyumbani je? Akanieleza yote: ulezi, ng'ombe, nani kazaa. Mtembeza wageni alisubiri na ufunguo wake mkononi.

Bibi akainuka, akakung'uta kitenge. "Sauti ni ya kilabuni," akasema, "lakini nimeitikiwa."

Njia nzima ya kurudi sikupiga domo, wenzangu wakadhani naumwa. Nilikuwa nawaza tu kama yule niliyeitika kwa niaba yake angeyakubali majibu yangu.