Muuza kasiksi aliyeomba jirani yake afungiwe

Saa kumi na moja na nusu jioni, Emérence anamimina kasiksi, ile pombe ya ndizi, kwenye kikombe cha plastiki. Anaonja yeye kwanza mbele ya mteja, kama desturi inavyotaka, kisha anamkabidhi. Mkono uko kwa mteja. Macho yako ng'ambo ya barabara.

Ng'ambo ya barabara ni kwa Antoinette. Emérence anajua nani ameingia huko, nani ametoka, na nani amepitia mlango wa nyuma akidhani haonekani. Kwake mwenyewe, mteja akitaka kikombe cha pili lazima agonge meza.

"Unaona ule wa kofia nyekundu?" anauliza. "Ule alikuwa mutu yangu. Miaka mingi alikuwa anakunywaka hapa. Sasa ananipita, hata salamu hapana."

Tuseme wazi, maana mwenyewe hafichi: mama huyu wa Kimemi, mjini Butembo, ana wivu. Wivu wa kweli, wa kukosesha usingizi.

Hakuzaliwa muuza pombe. Yeye na mumewe, Jacob, walikuwa na shamba la migomba Mabalako, upande wa Beni. Wauaji walipoingia kijiji cha jirani, walikimbia na watoto na sufuria moja. Kwa hiyo mwaka 2021 serikali ilipotangaza hali ya dharura, wanajeshi wakashika utawala wa jimbo na mahakama zao zikaanza kuwahukumu raia, Emérence hakulalamika.

"Nilipiga mikono," anasema. "Nilisema, sasa tutalala."

Kisha ikaja amri ya saa. Katika mtaa wao, vilabu vyote vifungwe saa moja jioni. Kasiksi nayo haingoji: siku ya tatu inachacha. Na wateja wake ni wakulima na wajenzi, wanaoteremka kutoka kazini jua likizama. Kwa wiki alikuwa akiuza madumu manne. Yakawa mawili, mengine yakaishia kwenye zizi la jirani.

"Nguruwe walikuwa wanalewa kuliko bakristu," anachomekea Jacob, na mkewe anamkata jicho.

Antoinette alifika kutoka Kasai akimfuata mumewe, Sajenti Tshibangu. Hakujua kasiksi ni kitu gani. Aliyemfundisha kuchagua ndizi, kuzikamua kwa majani na kupima unga wa mtama ni Emérence. Hapo ndipo panapouma.

Kila saa moja doria ilipita. Kwa Emérence walipiga kelele kwa Kilingala, "Mama, kanga!" Funga! Wakifika kwa Antoinette, walimuuliza habari za bwana, wakaenda zao. Antoinette akauza mpaka saa tatu.

"Mimi mwenyeji nakimbia na benchi kichwani. Yeye mugeni anaongeza muziki! Ee Mungu wangu, roho ilikuwa inawaka."

Wanywaji nao walibishana kila siku. Kitsa, mjenzi, hakuwa na shaka: "Kama basoda, hawa askari, banatulinda, donc banilinde nikikunywa." Kaka yake Muyisa, anayeishi Beni, akija kumtembelea humjibu bila kucheka: "Ninyi ba Butembo munalia juu ya pombe. Kwetu tumezika batu. Bafunge hata saa kumi." Kitsa huuliza kufunga vilabu kumemzuia muuaji gani. Hakuna aliyewahi kushinda ubishi huo.

Mwezi uliopita ofisa mmoja wa jeshi alikuja mtaani kusikiliza maoni ya wauzaji. Wanawake walikubaliana baada ya misa: waombe saa mbili usiku, kwa wote. Wakamchagua Emérence aseme, kwa sababu ulimi wake haujui kuogopa.

Akasimama. Mbele kabisa akamwona Antoinette, kitenge kipya, anacheka na ofisa kama ndugu wa tumbo moja.

"Maneno yote yalinitoka kichwani," anasema. "Nikasema: Mukubwa, sheria gani inafunga mimi, inaacha ule? Bamufunge na yeye!"

Ofisa akamshukuru kwa kukumbusha kwamba sheria ni moja. Wiki iliyofuata jibu likaja: vilabu vyote vifungwe saa kumi na mbili, bila kubagua.

Kitsa alikuwa wa kwanza kulipia. Alikutwa mlangoni kikombe mkononi, akalala mahabusu, akitishiwa kupelekwa mahakama ya kijeshi. "Mimi mujenzi!" bado anashangaa. "Juu ya kikombe!" Asubuhi walimwachia.

Wanawake walimnyima Emérence salamu. Na yeye mwenyewe?

"Siku ya kwanza nilifurahi," anakiri, bila haya. "Nilimuona anafunga mlango, muziki kimya. Nikasema, Mungu asifiwe. Kesho yake nikamwaga dumu nzima."

Antoinette, anayemwita Emérence kwa jina la mtoto wake, anafunga kitenge chake vizuri, hapandishi sauti. "Mama Bénie ni mwalimu yangu, mais, lakini, aliniuza. Angeomba apewe ruhusa kama mimi, tungeuza wote." Kisha anaongeza jambo ambalo halikutarajiwa. "Na mimi namuoneaka wivu. Bwana yangu iko ku front, ku vita, Beni kule. Ya kwake inalala nyumbani."

Emérence anapoelezwa maneno hayo, anaacha kumimina. "Hiyo hajaniambia," anasema taratibu.

Mkutano mwingine unatarajiwa mwisho wa mwezi. Wanawake wamekubali aseme tena, kwa sharti moja: aketi bega kwa bega na Antoinette. Ataomba saa mbili kwa wote, na mwenye kosa apelekwe kwa hakimu wa raia.

"Usalama tunautaka, sisi ba Mabalako kupita bote," anasema. "Mais basitufungie kama mbuzi."

Na wakimpa ruhusa yeye peke yake?

Anatazama ng'ambo ya barabara. Jacob anamtazama. Kitsa pia anamtazama.

"Nitamuita Antoinette akuye auzishe kwangu," anasema mwishowe. "Mais kwangu! Kila mutu apite, aone ni kwa nani."